Hamu ya Kubuni Haingojwi: Funzo la Sirisia kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Utangulizi

Ukimuuliza mtahiniwa kwa nini insha yake haina jipya, jibu utakalopata aghalabu ni moja: "Mwalimu, mawazo hayakuja." Ukimuuliza mwalimu wake kwa nini hajatunga hata shairi moja tangu alipotoka chuoni, naye atakueleza kwamba anangoja apate nafasi na utulivu wa akili. Wawili hawa wanaugua ugonjwa mmoja. Wote wanaamini kuwa hamu ya kubuni ni kama mvua: hunyesha ipendapo, na kazi ya binadamu ni kutazama mawingu tu.

Nia ya makala haya ni kuipinga imani hiyo. Tutaipinga kwa kutazama eneo moja ambalo watahiniwa wake wengi hudhani halina fasihi ya kujivunia, nalo ni Sirisia, katika kaunti ya Bungoma, miteremkoni mwa Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Tutachunguza jinsi wakazi wa huko wanavyobuni kila siku bila kungoja kujaliwa, kisha tujiulize ni kwa nini mtoto yuyo huyo aliyekulia katikati ya ubunifu huo hukauka ghafla anapokabidhiwa karatasi ya insha. Mwisho tutapendekeza hatua ambazo mwalimu na mtahiniwa wanaweza kuzichukua. Hata kama shule yako iko Kitale, Kilifi au Kitui, soma ukilinganisha na mazingira yako mwenyewe.

Ubunifu ni nini?

Watu wengi huufasiri ubunifu kuwa ni uwezo wa kuumba kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Fasiri hiyo ina kasoro, kwani humtisha mwanafunzi. Nani awezaye kuleta jambo ambalo halijapata kusemwa chini ya jua? Kwa mintarafu ya makala haya, tuuchukulie ubunifu kuwa ni uwezo wa kukitwaa kilichopo na kukipa mpangilio, sura au matumizi mapya yanayomfaa mtu fulani kwa wakati fulani. Mama anayefungia mlango wa kuku kwa utepe wa gurudumu kuukuu la baiskeli amebuni. Kijana wa bodaboda anayempa mteja lakabu inayomchekesha amebuni vilevile.

Lugha yetu yenyewe ina mfano mzuri. Neno "buni" lina maana zaidi ya moja. Ni kitenzi, yaani kutunga au kuanzisha. Pia ni nomino, yaani tunda au punje ya kahawa. Mmea huo hukuzwa katika miteremko ya Mlima Elgon, na mwanafunzi wa sehemu hizo anazijua kazi zake vyema. Mkulima hachumi kahawa iliyokwisha kuwa kinywaji. Huchuma tunda bivu, likamenywa, likaoshwa, likaanikwa, likakobolewa, likakaangwa na kusagwa kabla ya mtu kuinusa harufu ile anayoisifu. Ubunifu nao ndivyo ulivyo. Mtahiniwa anayengoja wazo limjie likiwa limekwisha kukaangwa atangoja mpaka kengele ilie.

Vipera vitatu kutoka Sirisia

Wakazi wengi wa Sirisia ni Wabukusu, na jirani zao ni pamoja na Wasabaoti na Wateso. Fasihi simulizi yao ni pana. Hapa tutatazama vipera vitatu tu, tukiwa na swali moja akilini: ni nini kinachomsukuma fanani abuni?

Kipera cha kwanza ni nyimbo za jando, ambazo katika uainishaji wetu huitwa nyiso. Kwa desturi ya Wabukusu, tohara hufanyika kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawika kwa mbili. Kabla ya siku yenyewe, mvulana huzunguka kuwaalika jamaa zake akigonga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, huku kundi la waimbaji likimfuata. Kiongozi wa wimbo hutoa sauti, wengine huitikia. Kiitikio hakibadiliki, lakini maneno ya kiongozi hubadilika. Wakifika kwa mjomba, mjomba huyo huguswa. Wakipita kwa mtu mchoyo, uchoyo wake hudokezwa. Kiongozi huyu hana daftari wala hana jioni nzima ya kufikiri. Ana mwendo kutoka boma hili hadi boma lile, naye lazima afike akiwa na la kusema.

Kipera cha pili ni ulumbi wa matanga, maarufu kwa Lubukusu kama khuswala kumuse. Hii ni sehemu ya miviga ya mazishi ya mzee anayeheshimika. Baada ya maziko, watu huketi na kuacha uwazi katikati, na mlumbi, yaani omuswala kumuse, huupita uwazi huo huku na huko akiwa na fimbo mkononi. Huikumbusha jamii asili yake, koo zake na mapito yake, huwafariji waliofiwa, huwakosoa walio hai na kuwausia. Si kila mtu huruhusiwa kuifanya kazi hii; hutarajiwa kutoka katika koo zenye jadi hiyo. Sehemu kubwa ya maarifa yake ameyarithi, lakini marehemu huyu ni mmoja na waombolezaji hawa ndio hawa. Ni lazima alinganishe urithi wake na msiba ulio mbele yake. Kifo hakimuulizi mlumbi kama leo ana hamu.

Kipera cha tatu ni cha watoto, nacho ni vitendawili. Jioni, kazi zikipungua, mmoja husema "Kitendawili!" na wengine hujibu "Tega!" Akishindwa, mjibuji hulazimika kutoa mji. Mchezo huu una sheria kali. Kauli huwa fupi, kitu halisi hakitajwi, na sharti pawe na mfanano unaoweza kutambulika pindi jibu linapotolewa. Mtoto akitega kitendawili kinachojulikana na wote, wenzake humcheka. Basi huangaza macho huku na huku akitafuta kipya. Mtoto wa miaka minane aweza kufanya hivyo bila kuambiwa na yeyote kwamba ana kipaji.

Mambo matatu yanayoibua hamu

Ukivilinganisha vipera hivi vitatu, utaona kwamba vina mambo matatu yanayofanana.

(a) Mwito. Kuna mtu anayengoja. Mjomba anaungoja ugeni, waliofiwa wanangoja faraja, na wenzake mtoto wanangoja kutegewa. Fanani habuni kwa sababu anajisikia kubuni. Anabuni kwa sababu ameitwa, na kunyamaza kutakuwa aibu au hasara kwa watu anaowajua kwa majina. Hamu yake huja akiwa njiani, tena mara nyingi huja baada ya kuanza.

(b) Umbo. Kuna kanuni zinazojulikana na fanani pamoja na hadhira. Kiitikio, mpangilio wa ulumbi na fomula ya kitendawili vyote humpunguzia fanani mzigo. Hahitaji kubuni kila kitu. Anabuni pale tu penye pengo. Wengi hudhani kwamba kanuni huua ubunifu. Lakini mtunzi wa tarbia ajuaye kwamba ana mishororo minne na mizani kumi na sita katika kila mshororo hupata neno ambalo asingelitafuta kama angeachwa huru. Mto hupata nguvu kwa kuwa una kingo.

(c) Mazoea. Kuna wakati maalumu unaorudi. Agosti hurudi, jioni hurudi, na misiba nayo, kwa bahati mbaya, hurudi. Aliyezoea kuitikia mwaka huu ataongoza mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba.

Zingatia kuwa katika orodha hii hamna kipaji, hamna utulivu na hamna muda wa ziada. Vitu hivyo vikiwapo ni heri, lakini havikuwa sharti.

Waandishi wetu nao hawakungoja

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni ya fasihi simulizi, na kwamba fasihi andishi ina taratibu zake. Hebu tuitazame.

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi kati ya karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa, hakujitenga na mji ili atunge. Alitunga kuhusu uhasama wa kisiasa kati ya Mombasa na mahasimu wake, na pia kuhusu mapenzi, njaa na shida za nyumbani. Mashairi yake yalijibu mambo yaliyotendeka, na watu wa mji waliyapokea wakijua yanamlenga nani. Hadhira yake ilikuwa jirani yake.

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Alihudumu katika idara ya forodha, idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya ya Tanga na ofisi ya upimaji ardhi. Riwaya, tenzi na insha tunazomsifia hazikutungwa na mtu asiyekuwa na kazi nyingine. Zilitungwa na mtu aliyekuwa na mafaili mezani.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, na baadaye kurasa za mashairi katika magazeti kama Taifa Leo la Kenya, yaliwapa watunzi wa kawaida mwito wa aina nyingine. Mtu alitunga kwa kuwa mwenzake amemuuliza swali kwa beti, na wasomaji wanalisubiri jibu. Majibizano hayo yaliwafanya makarani, walimu na wafanyabiashara kuwa washairi. Wengi wao hawakuwa na cheti cha fasihi. Walichokuwa nacho ni mtu wa kumjibu.

Wa nne ni wa nyumbani. Ken Walibora alizaliwa katika kaunti ya Bungoma mwaka 1965. Alifariki Aprili 2020 na kuzikwa Cherang'any, kaunti ya Trans Nzoia. Walimu wengi wanamjua kwa Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya mbili zilizotahiniwa katika shule zetu kwa nyakati tofauti. Tuangalie mambo mawili madogo kumhusu. La kwanza ni jina. Jina lake la asili ni Waliaula. Katika Kiswahili neno "aula" lina maana ya bora zaidi, na kwa hivyo Waliaula akawa Walibora. Huo ni ubunifu wa kila siku. Hakuvumbua jina jipya. Alilisikiliza alilopewa mpaka akalisikia likizungumza Kiswahili. La pili ni safari. Katika Siku Njema, Kongowea anaondoka pwani ya Tanga na kuja bara, hadi upande wa Kitale, akimtafuta babake. Kwa muda mrefu mwanafunzi wa magharibi mwa Kenya alikuwa amezoea kuona fasihi ya Kiswahili ikianzia pwani na kuishia huko huko. Riwaya hii ilimwonyesha mhusika akishuka katika mji ambao babake huenda kununua mbolea.

Funzo hapa si kwamba kila mtoto wa Sirisia atakuwa Walibora. Funzo ni kwamba malighafi aliyoitumia imetapakaa mlangoni pa kila mtoto wa Sirisia.

Ni wapi mwanafunzi hukauka?

Sasa turejelee swali letu. Mtoto aliyetega vitendawili akiwa na miaka minane, aliyeitikia nyiso akiwa na miaka kumi na miwili, na aliyewasikia walumbi kila palipotokea msiba, huingia darasani na kuandika hivi:

"Majogoo waliwika, ndege wakatumbuiza kwa nyimbo tamu, nalo jua likachomoza mashariki kwa madaha. Nilirauka kutoka kitandani kama swara."

Kila mwalimu amewahi kuisoma aya hii, au pacha wake, tena mara thelathini katika furushi moja la insha. Haina kosa la kisarufi, wala haina mtu ndani yake. Mwandishi wake hakuliona jua hilo. Alilipata katika kitabu cha mwongozo, akalikariri, akalibeba hadi chumba cha mtihani. Sasa linganisha na aya ifuatayo:

"Mvua ya jana ilikuwa imeigeuza njia ya kwenda Chwele kuwa uji wa wimbi. Mwenye bodaboda alishuka, akakunja suruali hadi magotini, akaniambia niupakate mkungu wa ndizi kama mtoto mchanga."

Msamiati wa aya ya pili ni mwepesi kuliko wa ile ya kwanza, lakini msomaji anataka kujua kitakachofuata. Tashbihi na sitiari zake zimetoka jikoni na barabarani, mahali mwandishi anapopajua.

Kwa nini basi mwanafunzi huichagua ile ya kwanza? Kwa sababu darasani tumemwondolea yale mambo mawili, mwito na mazoea, tukamwachia umbo pekee. Hakuna anayengoja insha yake ila mtahini, na mtahini hana uso. Huiandika mara chache katika muhula, chini ya saa. Mtu aliyenyang'anywa hadhira hujificha nyuma ya maneno ya wengine, kwani humo ndimo mlimo na usalama.

Hasara yake ni kubwa kuliko alama. Katika mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4, karatasi ya kwanza ya Kiswahili huwa na insha mbili, ya lazima na ya kuchagua, kila moja ikiwa na alama ishirini. Mtahiniwa anayekariri huenda akapata alama za wastani akafaulu. Lakini huondoka shuleni akiamini kuwa Kiswahili ni lugha ya kusemea yasiyomhusu, na kwamba kwao hakuna jambo linalostahili kuandikwa. Akiwa mzazi, ataurithisha ukimya huo. Akiwa mwalimu, ataufundisha.

Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeutaja ubunifu waziwazi miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Ni hatua njema. Hata hivyo, kuutaja ubunifu katika waraka hakumpi mwanafunzi hamu, kama vile kuandika neno "chakula" ukutani kusivyoshibisha. Mwito na mazoea lazima virudishwe na mwalimu aliye darasani.

Mapendekezo kwa mwalimu

Mwalimu mwenzangu, huhitaji fedha wala ruhusa ya wizara ili kuanza. Yafuatayo yamekusudiwa kutoshea katika ratiba uliyo nayo.

1. Tega kitendawili kipya kila Jumatatu. Mwanafunzi mmoja atunge kitendawili ambacho hakimo kitabuni, kuhusu kitu alichokiona juma lililopita. Mfano: "Mabinti zangu huvaa kijani wakiwa wadogo, wekundu wakikomaa, na weusi wakifika mezani." Jibu: kahawa. Mfano mwingine: "Mjumbe wangu hulala mfukoni, akiguswa na wa mbali hupiga mayowe." Jibu: simu ya mkononi. Zoezi hili huchukua dakika tatu, na kwa mwaka mzima darasa litakuwa na hazina yake.

2. Ipe kila insha msomaji mwenye uso. Badala ya kusema "Andika barua rasmi kwa mkurugenzi", sema barua hiyo itasomwa na chifu wa eneo kuhusu daraja fulani linalojulikana, na uipeleke kweli iliyo bora. Hotuba itolewe gwarideni. Wasifu uandikwe kumhusu mpishi wa shule, na usomwe mpishi akiwapo. Utashangaa jinsi wanafunzi watakavyoanza kusahihishana wenyewe.

3. Tumia kiitikio. Andika ubaoni sentensi moja ambayo lazima ijirudie mara tatu katika aya, kisha uwaachie wanafunzi mapengo. Umbo hilo hulegeza ulimi wa mwanafunzi mwoga, kama linavyomlegeza kiongozi wa nyiso anapojua kwamba wenzake watampokea.

4. Wapeleke nyanjani. Ukusanyaji wa fasihi simulizi umo katika silabasi. Mwanafunzi amhoji nyanya yake kuhusu bembelezi alizomwimbia mamake, au amsikilize babu akisimulia kisakale cha Mango, shujaa anayesemekana kuwa alimuua joka lililowahangaisha watu na hivyo kuhusishwa na tohara ya Wabukusu. Masimulizi hutofautiana, na tofauti hizo ndizo somo lenyewe: ni nini kilichomfanya msimulizi huyu aongeze hili na yule apunguze lile? Nyiso nyingine zina lugha ya mafumbo makali. Chagueni zinazofaa kusomwa darasani.

5. Andika nawe. Wape wanafunzi dakika kumi za kuandika, kisha uketi uandike vilevile, na usome ulichokiandika hata kikiwa kibovu. Mwanafunzi akimwona mwalimu akifuta neno na kulitafuta jingine, hujua kuwa kuhangaika si dalili ya ujinga.

Mapendekezo kwa mtahiniwa

Nawe mtahiniwa, usingoje mwalimu.

Kwanza, weka daftari dogo la sentensi moja kwa siku. Sentensi hiyo iseme jambo ulilolisikia, uliloliona au ulilolinusa, wala si jambo ulilolifikiri. "Leo sokoni muuza nyanya alimwita kila mteja mkwe." Inatosha. Kwa muhula mmoja wa majuma kumi na matatu utakuwa na sentensi tisini na moja. Hakuna kitabu cha mwongozo kitakachokuuzia hazina kama hiyo.

Pili, funga kazi hiyo kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku: baada ya kuosha vyombo, au unapongoja kengele ya maandalio. Kazi isiyo na wakati wake huahirishwa.

Tatu, tafuta mwenzio mmoja wa kubadilishana naye daftari kila Ijumaa. Ukijua kuna anayengoja, utaandika hata siku ambayo hujisikii.

Nne, ukipewa methali katika mtihani, usikimbilie kisa ulichokisoma. Jiulize: ni nani katika kijiji chetu aliyepatwa na jambo hili? Badilisha majina na mahali ili usimwaibishe mtu, kisha usimulie. Kisa kimoja kinachodhihirisha pande zote mbili za methali kitakufikisha mbali kuliko misemo ishirini iliyobandikwa.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi, kwani silabasi ni ndefu. Ni kweli kwamba silabasi ni ndefu. Lakini hesabu saa ambazo mwalimu hutumia kusahihisha insha thelathini zinazofanana, akiandika "tia bidii" chini ya kila moja. Dakika tatu za Jumatatu ni mtaji wa kuzipunguza saa hizo.

Wengine watahofia kwamba kumhimiza mwanafunzi atumie mazingira yake kutakiharibu Kiswahili chake kwa lugha ya mama. Hofu hii ina msingi kwa kiasi fulani. Sentensi iliyofinyangwa kwa sarufi ya Lubukusu na kuvalishwa maneno ya Kiswahili huadhibiwa, na ni haki iadhibiwe. Lakini tofautisha lugha na tajriba. Mwanafunzi alete mandhari, mila na ucheshi wa kwao, avisimulie kwa Kiswahili sanifu, na inapomlazimu kutumia neno la kwao alieleze palepale, kama tulivyofanya kwa khuswala kumuse. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyokua tangu jadi: kwa kuzipokea habari za kila pwani na kila bara.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba hamu ya kubuni haiji kwa mtu anayeingoja. Huletwa na mwito wa wanaokungoja, umbo linalokuongoza na mazoea yanayorudi. Mlumbi wa Sirisia, karani wa Tanga na mtoto anayetega vitendawili wote wanakubaliana katika jambo hili, ingawa hawakupata kukutana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu akimrudishia mwanafunzi hadhira, na mwanafunzi akiipa siku sentensi yake moja, jua la madaha litaacha kuchomoza katika insha zetu, na badala yake tutaanza kuziona njia za Chwele, Malakisi na Lwakhakha zikiwa na watu wanaotembea.

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo matatu yanayoibua hamu ya kubuni kwa mujibu wa makala haya, ukitoa mfano mmoja wa kila jambo kutoka katika jamii yako.

2. "Kanuni za utungaji huua ubunifu." Jadili kauli hii kwa kurejelea vitendawili na shairi la tarbia.

3. Linganisha na utofautishe hadhira ya omuswala kumuse na hadhira ya mtahiniwa katika chumba cha mtihani.

4. Tunga vitendawili vitatu vipya kuhusu vitu vinavyopatikana katika soko lililo karibu nawe. Vitege kwa wenzako na uandike majibu waliyotoa kabla ya kupata jibu sahihi.

5. Andika upya aya ya "majogoo" iliyotajwa katika makala haya ukitumia asubuhi ya leo ya mahali unapoishi. Usitumie tashbihi yoyote uliyowahi kuisoma kitabuni.